Ghala la Bunduki za Makauboi

Barabara ya Magnolia, upande wa North Hollywood, ilikuwa ndefu, pana na kavu. Kiangazi kilipokolea lami yake ililainika hadi ikawa inashika soli za viatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 eneo lile la bonde la San Fernando, upande wa kaskazini wa Los Angeles, lilikuwa la karakana: mafundi magari, washona maturubai, wachora mabango, wauza vyuma chakavu. Mijakaranda ilimwaga maua yake ya zambarau juu ya magari yaliyoegeshwa, na hakuna aliyejisumbua kuyafagia. Nyuma ya karakana moja ya kunyoosha bodi za magari palikuwa na kichochoro, na mwisho wa kichochoro mlango wa chuma wa rangi ya kijivu, hauna kibao wala namba. Anayepita haraka angedhani ni stoo ya matairi. Ukigonga unasubiri. Kwanza yanalia makufuli, moja baada ya jingine. Halafu kikohozi cha mzee. Halafu mlango unafunguka, na harufu inakupokea kabla macho hayajazoea giza.

Harufu yenyewe ni ya ndizi mbivu, zile zilizoiva mpaka ganda likaota madoa. Ilitoka kwenye vichupa vya Hoppe's No. 9, dawa ya kusafishia mitutu ambayo mafundi bunduki wa Marekani wameitumia karne nzima. Mimi niliyekulia Tanga nilisimama pale mlangoni siku ya kwanza nikitafuta kwa macho mkungu umewekwa wapi. Nyuma ya harufu hiyo zilifuata nyingine, taratibu: mafuta ya kitani yaliyosuguliwa kwenye vitako vya mbao, ngozi ya zamani, kahawa iliyokuwa ikichemka tangu alfajiri, na kwa mbali kabisa ukali wa kiberiti cha baruti.

Ghala halikuwa kubwa, lakini lilikuwa refu, na paa lake la bati lilikuwa likialika kila jua lilipopanda. Kushoto zilisimama bunduki ndefu, safu kwa safu, mitutu juu, kila moja na kibati cha shaba chenye namba kilichofungwa kwa waya kwenye ringi ya kifyatulio. Kulia kulikuwa na makabati ya droo pana, na ndani ya droo bastola zimelazwa juu ya kitambaa kizito cha kijani, zote zikiangalia ukutani. Mwisho kabisa, chini ya dirisha lenye nondo, ilikuwepo meza ya kazi: taa yenye shingo ndefu, bisibisi za kila unene, brashi za shaba, matambara, na jiko la umeme lenye sufuria kubwa ya maji. Kando ya meza hiyo alikaa mama mmoja kutoka Sonora, Mexico, na cherehani yake ya ngozi, na redio ndogo iliyoimba Kihispania kutwa nzima.

Humo ndimo zilimokuwa zikilala bunduki za filamu za kauboi. Watayarishaji walikuja kuzikodi kwa siku au kwa wiki, zikaenda kupigana jangwani, zikarudi zimejaa vumbi. Mjomba wangu, aliyekuwa akifunga taa studioni, ndiye aliyenitafutia kazi pale. Nilikuwa mwanafunzi, nilifika mchana baada ya vipindi, nikavaa aproni, nikakabidhiwa tambara.

Wenzangu wa Tanga waliposoma barua zangu hawakuamini. Sisi tulizijua silaha zile tangu utotoni, pale kwenye ukumbi wa sinema wa Majestic, tulipokuwa tukipanga foleni ya tiketi za viti vya mbele na karanga za moto zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Taa zikizimwa ukumbi mzima ulipiga miluzi. Kila mtu alijua kuwa stelingi hafi, na bado kila mtu alimpigia kelele ageuke aone adui aliyejificha juu ya paa. Franco Nero alipoliburuta jeneza lake matopeni katika Django, filamu ya mwaka 1966, watu wazima walisimama kwenye viti. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na makauboi: bastola za vijiti vya mpera, bunduki za mabua ya mahindi, kofia za ukindu zilizokunjwa kando. Mlio tuliutoa kwa mdomo, na kila mmoja alikuwa na mlio wake.

Bunduki ya kweli niliyokuwa nimeiona kwa karibu kabla ya hapo ilikuwa moja tu, gobore la babu yangu kule Handeni. Lilining'inia juu ya kitanda chake, limefungwa kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi mahali mtutu ulipokutana na mbao. Babu alilitumia kufukuza nguruwe mwitu waliovamia mahindi. Aliwahi kuniambia kuwa lilifika kwetu na watu wa misafara. Baadaye, niliposoma, nilielewa: katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, zile kuukuu zilipakiwa melini kwa maelfu, nyingi zikashushwa Zanzibar, zikasafiri na wapagazi na wafanyabiashara wa pembe za ndovu hadi Tabora na Ujiji. Babu aliishi na mtoto wa safari hiyo juu ya kitanda chake, na kila Ijumaa alilipangusa kwa mafuta ya nazi.

Kwa hiyo mzee wa ghala aliponipa bunduki ya kwanza kuipangusa, mikono yangu ilikumbuka. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Umewahi kushika chuma cha zamani, mwanangu." Nikamweleza habari za gobore. Akavuta kiti, akataka nimsimulie kila kitu: fataki zilipatikana wapi, baruti ilipimwa kwa nini, ukanda ule wa ngozi ulikazwaje. Nilipomwambia kuwa ngozi ilivishwa ikiwa mbichi ikakauka hapo hapo, alitikisa kichwa kwa furaha. Alisema watu wa Arizona, kwao alikozaliwa, nao waliunga vitako vilivyopasuka vivyo hivyo, kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Tangu siku ile nilimwita Mzee, kwa Kiswahili, na akaitika.

Somo la kwanza la Mzee lilikuwa la kupokea. Bunduki haipokewi kwa mkono mmoja, wala haipokewi kwa kuamini neno la anayeitoa. Anayeitoa anaifungua, anatazama, anamwonyesha mwenzake. Anayeipokea naye anatazama, anaingiza kidole ahakikishe kwa kugusa, ndipo anaishika. Ilikuwa hivyo hata baina yetu wawili, hata kwa bunduki iliyotoka rafuni hatua tatu tu. Mtutu haukuelekezwa kwa mtu, iwe kwa kazi au kwa mzaha. Kwenye daftari kubwa lenye jalada la kitambaa tuliandika namba ya kibati, saa, hali ya silaha na jina la mpokeaji, na Mzee alisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kufunga ukurasa.

Kisha akanifundisha kusikiliza. Alifungua droo, akatoa Colt ya mwaka 1873, ile ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka huo huo na ambayo kila mpenzi wa sinema anaijua kwa umbo hata kama haijui kwa jina. Akainua nyundo yake polepole kwa dole gumba. Ilialika mara nne, mialiko minne iliyotengana, kila mmoja na uzito wake. Mafundi husema bastola hiyo inataja herufi nne za jina la kampuni iliyoiunda. Mwaliko mmoja ukikosekana, au miwili ikigandana, kuna jino limelika au springi imechoka, na bastola hiyo haitoki ghalani. Nilikaa kwenye kigoda, droo kwa droo, nikiinua nyundo na kusikiliza, huku redio ya Mama wa Sonora imepunguzwa sauti kwa ajili yangu.

Bastola zile zilikuwa na tabia. Nyingine vipini vyake vilikuwa vya mbao za mjozi, vimelainika pale kiganja kinapokaa. Nyingine vya mpira mgumu mweusi wenye tai aliyefutika mabawa. Nyingi za sinema zilikuwa na mtutu mfupi, kwa kuwa mtutu mfupi unachomoka haraka kwenye ala na kupendeza kamera. Kampuni ya Colt ilikuwa imeacha kuziunda wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikidhani zama zake zimekwisha. Televisheni ilipojaa makauboi katika miaka ya 1950, wanunuzi wakaziulizia upya, na mwaka 1956 kiwanda kikarudi kuziunda. Sinema iliifufua silaha iliyokuwa imezikwa. Mzee alipenda kutandika mbili sambamba juu ya kitambaa, moja ya enzi za farasi na moja ya enzi za televisheni, akaniambia nitaje ipi ni ipi kwa kuzigusa tu, macho yamefumbwa. Ya zamani kingo zake zilikuwa laini. Vizazi vya viganja vilikuwa vimezila kidogo kidogo.

Upande wa bunduki ndefu nilipapenda zaidi. Winchester za mwaka 1892 ndizo zilizojaza rafu. Zilibuniwa na John Browning, na kiwanda cha New Haven, Connecticut, kiliunda zaidi ya milioni moja. Ukishusha wenzo wake na kuurudisha, unasikia chuma kikiteleza juu ya chuma kilichotiwa mafuta, mlio ule ule uliotutuliza wote pale Majestic. Anayejua miaka atauliza: filamu nyingi husimulia mambo ya 1870 na kitu, sasa bunduki ya 1892 inafanya nini humo? Jibu lipo kwenye risasi na kwenye bei. Winchester hizi zilikuwa nyingi, nyepesi na imara, tena zilikubali risasi za aina moja na bastola. Katika Stagecoach ya John Ford, mwaka 1939, John Wayne anasimama kando ya njia akizungusha Winchester yenye wenzo wa duara pana, na tangu siku hiyo duara lile likawa sehemu ya sura yake.

Na pale hadithi ilipotaka bunduki ya zamani zaidi, mafundi waliivalisha. Mzee alitoa moja rafuni akaniwekea mezani chini ya taa. Ilikuwa Winchester ya kawaida, lakini ubao wa mbele chini ya mtutu ulikuwa umeondolewa, na mwili wake wa chuma umepakwa rangi ya shaba ya manjano. Kutoka mbali ilikuwa Henry, bunduki iliyotangulia Winchester zote na iliyopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Nilipoikaribia niliona mahali rangi ilipochubuka pembeni mwa kijilango cha kupakilia risasi, na chini yake chuma cha samawati nyeusi kikichungulia. Henry ya kweli haina kijilango hicho. Mzee aliniachia brashi nyembamba na kikopo cha rangi, nikaziba mchubuko ule huku nikizuia pumzi.

Zilizovalishwa kuliko zote zilikuwa Springfield za mwaka 1873, bunduki za risasi moja ambazo chumba chake hufunguka kwa juu kwa kifuniko chenye bawaba. Hizi zilikuwa za jeshi la Marekani. Mwaka 1876 askari wa kamanda Custer walikuwa nazo, katika umbo lake fupi, pale Little Bighorn walipokutana na Walakota na Wacheyenne na kushindwa. Jeshi lilipohamia bunduki mpya mwishoni mwa karne, hizi zilifunguliwa milango ya stoo zikauzwa kwa bei ya chuma, na watu wa sinema wakazinunua kwa makasha. Pale ghalani nyingi zilikuwa zimefungiwa ubavuni mtambo wa bandia wa jiwe la cheche, nyundo iliyopinda na jiwe lake, ili zipite kuwa bunduki za miaka mia moja kabla yake. Mwigizaji anafyatua, risasi baridi, yaani ya baruti tupu isiyo na kichwa, inalipuka kwenye chumba kilichofichwa, na mtazamaji anaapa ameona cheche ya jiwe. Kila nilipozipangusa nilimkumbuka babu. Gobore lake na Springfield hizi zilikuwa zimetupwa kwa sababu moja, ya majeshi kutaka kitu kipya zaidi. Moja likaangukia Handeni juu ya kitanda, nyingine zikaangukia mbele ya kamera.

Mama wa Sonora alitawala ngozi zote: ala za bastola, mikanda ya risasi, mifuko ya bunduki inayofungwa kwenye tandiko. Ala mpya alizichukia. Alizilowesha maji, akazivisha bastola, akazikanda kwa kiganja hadi ngozi ikashika umbo la silaha, kisha akaziacha juani kichochoroni. Baadaye alizipiga kwa mfuko wa mchanga, akazisugua kwa mafuta ya miguu ya ng'ombe, akazikunja na kuzikunjua huku akiimba. Ala ikitoka mikononi mwake ungeapa imevuka Texas mara kadhaa. Alinifundisha kushona kwa sindano mbili, zinazopishana ndani ya tundu moja, uzi uliopakwa nta. Nilipomaliza mshono wangu wa kwanza aliuvuta kwa meno, akauachia, akanimiminia kahawa.

Kazi nzito ilikuja jioni, lori la kutoka maporini likirudi. Tuliyatambua masanduku kwa harufu. Risasi baridi za sinema ya kauboi zilijazwa baruti nyeusi, ile ya kale ya shura, makaa na kiberiti, maana ndiyo inayotoa mwali mpana na moshi mweupe ambao kamera inauona. Aina iliyotumika zaidi ilitosha katika silaha za namna tano, bastola na bunduki, na hivyo ndivyo mtunza silaha mmoja alivyoweza kulisha kikosi kizima kutoka kasha moja. Lakini masizi yake hunyonya unyevu wa hewa, na ukiyaacha mpaka asubuhi yanaanza kula chuma. Kwa hiyo hatukulala. Sufuria ilichemshwa, sabuni ikatiwa, mitutu ikasimamishwa ndani ya ndoo, na brashi zikapanda na kushuka. Maji yalitoka meusi, yananuka mayai viza. Ya pili yakatoka kijivu. Ya tatu yakatoka meupe. Kisha kukausha, kisha ndizi mbivu ya Hoppe's, kisha mafuta membamba kila kona. Mikono yangu ilinuka kiberiti hata darasani. Nilikuwa naifurahia harufu hiyo kama mvuvi anavyofurahia ya samaki wake.

Mara nyingine Mzee alinichukua maporini. Safari ninayoikumbuka vizuri zaidi ni ya Alabama Hills, karibu na mji mdogo wa Lone Pine, mwendo wa nusu siku kuelekea kaskazini. Tulifika kabla ya mapambazuko. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na hewa imejaa harufu ya vichaka vya seji, chungu na safi. Jua lilipochomoza, miamba ya mviringo ikawaka rangi ya machungwa, na nyuma yake milima ya Sierra Nevada ikasimama na theluji, mlima Whitney wenye mita 4,421 ukiwa miongoni mwayo. Nilipigwa na bumbuazi. Niliijua miamba ile. Niliwahi kuiona Tanga, katika filamu zisizo na idadi, nikiwa na karanga mkononi. Miamba hiyo hiyo ilikuwa India katika Gunga Din ya mwaka 1939, na ilikuwa Arizona, Texas na Mexico katika nyingine.

Masanduku yalifunguliwa juu ya meza ya kukunja. Waigizaji walikuja mmoja mmoja, Mzee akafungua kila silaha mbele yao, wakatazama, wakatia saini. Wachunga farasi walikuwa wakiwaziba farasi masikio kwa pamba. Halafu mwongozaji akapaza sauti, na bonde likalipuka. Mlio wa kweli wa baruti haufanani na wa ukumbini: unakugonga kifuani kwanza, ndipo masikio yanapata habari, na miamba inaurudisha kutoka pande zote. Moshi mweupe ulisimama hewani ukakataa kuondoka. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, wakakaa chini kuungoja upepo uje kuubeba ili picha irudiwe. Farasi walikuwa wakitafuna hatamu. Mtu mmoja akapiga kinanda cha mdomo.

Kulikuwa na kijana aliyekodishwa kwa kuanguka tu. Katika picha ya karibu mwigizaji alishika Winchester ya kweli, chuma na mjozi. Ilipofika zamu ya kuanguka kutoka kwa farasi, kijana yule alivaa nguo zile zile na kukabidhiwa bunduki ya mpira iliyofinyangwa kutokana na ile ile ya kweli, mpaka mikwaruzo yake. Alianguka, akabingirika, akainuka anacheka, bunduki imejikunja mkononi kisha ikajinyoosha yenyewe. Nilipoiona filamu hiyo imekamilika nilikodoa macho nione mahali mbao ilipogeuka mpira. Sikupaona.

Oktoba 1984 ghala lilinyamaza. Mwigizaji kijana wa televisheni, Jon-Erik Hexum, akiwa kazini katika kipindi kisicho cha kauboi, alikuwa amejielekezea kichwani bastola yenye risasi baridi akafyatua. Alifariki siku chache baadaye. Mzee alizima redio mwenyewe. Alichukua kopo tupu la soda, akaliweka juu ya gogo kule kichochoroni, akapakia risasi baridi moja, akasogeza mdomo wa bastola karibu na kopo, akatuambia tuzibe masikio. Kopo lilipasuka ubavu wote. Alituletea tulishike, mimi, Mama wa Sonora na madereva, kila mmoja kwa zamu, tupitishe vidole vyetu kwenye kingo zile za bati. "Moto ni moto," alisema. Kisha akalitundika kopo juu ya meza ya kupokelea silaha, na kila aliyekuja kukodi, awe mkubwa kiasi gani, alilazimika kulishika kwanza.

Niliondoka pale nilipomaliza masomo. Mzee na Mama wa Sonora wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na ghala lenyewe liliuzwa. Filamu za kauboi zilipungua, na zilizobaki zilizidi kutumia nakala mpya zinazoundwa Gardone Val Trompia, kule Italia, mji wa mafundi bunduki tangu enzi za kale. Ni nakala nzuri. Aldo Uberti alianza kuziunda mwaka 1959, na zilifika mapema hata kwenye filamu za Sergio Leone zilizopigwa majangwani Almería, Hispania. Maghala makubwa kadhaa ya Hollywood yalifungwa moja moja, na silaha zake zikatawanyika minadani. Baadhi zimepata kabati la kioo. Katika jumba la makumbusho alilolianzisha Gene Autry, lililofunguliwa Los Angeles mwaka 1988, nimesimama mbele ya Colt zilizonakshiwa, na nimejikuta natega sikio nisikie mialiko minne.

Siku hizi nakaa Tanga, na vijana wanaotengeneza filamu hunijia kuniuliza habari za Hollywood. Wanategemea niwaambie kuhusu nyota. Ninawaambia kuhusu daftari, ndoo ya maji ya moto na uzi uliopakwa nta. Ninawaambia kwamba stelingi alituaminisha kwa sababu kulikuwa na mwanamke aliyeikanda ala yake kwa kiganja na mzee aliyeisikiliza bastola yake, na kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika hapa. Habari za misafara ya Tabora na Ujiji zinangoja kupigwa picha. Magobore yamo katika majumba yetu ya makumbusho na katika picha za karne ya 19, vipimo vyake vinaweza kuchukuliwa, na mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, wanaweza kuchonga vitako vyake kwa mninga au mvule. Mtutu wa bomba lililozibwa, mtambo wa bandia, ukanda wa ngozi ya mbuzi uliovishwa ukiwa mbichi: hakuna hata kimoja kinachohitaji kuagizwa. Nimeshamchorea fundi mmoja gobore la babu kwa kadiri ninavyolikumbuka, urefu wake, mpindo wa nyundo yake, na mahali lilipokuwa limepasuka, na amekwisha kuanza kuranda mbao.